Kibaba, kisaga, pishi: binari kabla ya kompyuta

Leo naomba tuache kidogo mambo ya kusakinisha programu, turudi nyuma miaka mia na zaidi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kikundi kidogo cha watu wanaoanza kujifunza programu hapa Kakamega. Niliandika ubaoni 1011, nikauliza: hii namba ya binari ni ngapi katika desimali? Binti mmoja akaandika programu yake haraka haraka, akaiendesha, ikamrudishia 1011. Yaani elfu moja na kumi na moja. Kompyuta haikukosea. Hakuiambia kwamba tarakimu zile zinasomwa kwa msingi wa mbili, nayo ikazisoma kwa kumi kama tunavyosoma sisi wote tangu darasa la kwanza. Aliposikia kwamba jibu ni kumi na moja, akafunga daftari, akasema hesabu hizi ziliundwa na Wazungu kwa ajili ya mashine zao, kwa hiyo yeye atakariri tu ile 8-4-2-1 apite mtihani.

Kukariri si dhambi, wengi wetu tulipita hivyo hivyo. Lakini sehemu ile ya kwanza ya maneno yake si kweli, na nilimwahidi kwamba nitaeleza kwa nini. Watu wa upande huu wa dunia walikuwa wakigeuza binari kuwa desimali kila siku, kwa nafaka na kwa sarafu, kabla kompyuta hazijakuwepo. Majina ya tarakimu zao bado yamo kwenye kamusi za Kiswahili. Hata neno "pesa" ni mojawapo.

Tuanze na Mumias, kilomita 30 na kitu kutoka hapa mjini. Kabla ya mwaka 1920, serikali ya kikoloni ilipohamisha makao yake kuja Kakamega, Mumias ndiyo iliyokuwa mji mkubwa wa eneo hili, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikifika huko kununua pembe za ndovu. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Frederick Jackson akaja na msafara wa kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, mwaka 1889. Sababu kubwa ya kupumzika pale ilikuwa chakula. Msafara ukishavuka nyika na nchi kavu, hapa unakuta mtama, maharage, kuku, vitu tele.

Sasa, msafara una watu mia moja, mia mbili, wakati mwingine zaidi. Kila mpagazi ana haki ya posho yake. (Ndiyo, ni hilo hilo neno la mashine ya posho unayopelekea mahindi. Mwanzoni lilikuwa na maana ya mgao wa chakula cha safari.) Kiwango cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Kibaba ni kama ratili moja na nusu, chini kidogo ya robo tatu za kilo. Vibaba viwili vinafanya kisaga. Visaga viwili vinafanya pishi.

Soma tena hiyo sentensi mbili za mwisho polepole. Kibaba 1. Kisaga 2. Pishi 4.

Hebu chukulia muuzaji ana vyombo hivyo vitatu, kimoja kimoja. Unataka vibaba vitano: anajaza pishi, anaacha kisaga, anajaza kibaba. Unataka vibaba sita: pishi na kisaga, kibaba hakiguswi. Unataka vitatu: kisaga na kibaba. Kila kiasi kuanzia sifuri hadi saba kinapatikana, na kila kimoja kina njia moja tu ya kukipata bila kujaza chombo kimoja mara mbili. Sasa tuandike chombo kilichojazwa kama 1 na ambacho hakikujazwa kama 0, kikubwa kikiwa kushoto:

pishi 1, kisaga 0, kibaba 1 = 101 = 4 + 0 + 1 = vibaba 5

pishi 1, kisaga 1, kibaba 0 = 110 = 4 + 2 + 0 = vibaba 6

pishi 0, kisaga 1, kibaba 1 = 011 = 0 + 2 + 1 = vibaba 3

Hapo umeshageuza binari kuwa desimali. Hakuna jambo lingine lililofichwa. Ukiongeza chombo cha nne cha pishi mbili, yaani vibaba 8, unafika hadi 15, na 1011 ya ubaoni inakuwa 8 + 0 + 2 + 1, vibaba 11. Kila hatua ya kwenda kushoto ni chombo kinachobeba mara mbili ya kile cha kulia kwake. Makosa mengi ninayoyaona darasani hutokea kwa sababu mtu anaanza kupanga 1, 2, 4, 8 kutoka kushoto. Kumbuka kwamba kibaba, kile kidogo kabisa, kinakaa kulia daima. Ukiwa na hicho mahali pake, vingine vinajipanga vyenyewe.

Lakini mtunza chakula wa msafara hakuwa na chombo kimoja kimoja tu. Alikuwa na lundo. Tuseme amepewa pishi 3, kisaga 1 na kibaba 1, na anataka kujua watu wangapi watapata posho leo. Njia yake rahisi ni kushuka ngazi. Pishi 3 ni visaga 6, ongeza kile kimoja, visaga 7. Visaga 7 ni vibaba 14, ongeza kile kimoja, vibaba 15. Watu kumi na watano. Zidisha kwa mbili, ongeza kinachofuata. Zidisha kwa mbili, ongeza kinachofuata. Njia hii ndiyo ninayowafundisha watu waiandike kwenye programu, kwa sababu haihitaji kujua mapema namba ina tarakimu ngapi:

jumla = 0
for tarakimu in "1011":
    jumla = jumla * 2 + int(tarakimu)
print(jumla)

Ifuate kwa kidole. Jumla inaanza 0. Tunasoma 1, jumla ni 1. Tunasoma 0, jumla ni 2. Tunasoma 1, jumla ni 5. Tunasoma 1, jumla ni 11. Mistari minne, na hakuna mahali popote unapohitaji jedwali la kukariri. Kukosea hesabu hii msafarani hakukuwa kupoteza alama ya mtihani. Watu 100 kwa siku 12 ni vibaba 1,200, yaani pishi 300. Ukinunua pishi 150 kwa kuchanganya kisaga na kibaba, siku ya saba mnaamka nyikani na magunia matupu.

Niwe mkweli hapa: mfumo wa pwani haukuwa wa mbili mbili hadi juu. Baada ya pishi mambo yanabadilika, jizla moja ni pishi 60. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba mababu zetu walikuwa na binari kamili. Walikuwa na biti za chini, zile za kugawa chakula kwa mikono, na juu yake hesabu ya wafanyabiashara wa jumla.

Na hilo linaleta swali ambalo naliona la maana kuliko lenyewe la kugeuza. Kwa nini mbili? Watu hao hao walihesabu kwa kumi. Kumi, ishirini, mia. Mbona nafaka yao ilikwenda mara mbili mbili?

Jibu langu ni kwamba kuhesabu na kugawa ni kazi mbili tofauti. Unapohesabu una vidole, navyo ni kumi. Unapogawa una macho na mizani. Lundo la mahindi ukiambiwa uligawe mara kumi sawasawa utahangaika mchana kutwa. Ukiambiwa uligawe nusu kwa nusu utaweza, na ukishaweza nusu unaweza robo, na nusu ya robo. Hata bila mizani kuna ule ujanja wa watoto, mmoja anagawa mwenzake anachagua, na unafanya kazi vizuri kwa wawili tu. Ndiyo maana ukienda nchi nyingi unakuta vipimo vya nusu nusu. Wamisri wa kale walikuwa na kipimo cha nafaka kiitwacho hekat, wakakigawa nusu, robo, thumni, hadi sehemu ya 64. Kuzidisha pia walizidisha kwa kurudufu, na mwandishi Ahmes alinakili mifano mingi kwenye mafunjo kiasi cha mwaka 1550 kabla ya Kristo. Fundi wako wa mbao bado ana futi yenye inchi iliyokatwa nusu, robo, thumni na sehemu ya 16. Muulize kwa nini haikukatwa kumi.

Lugha zetu nazo zina alama ndogo ya jambo hili. Nne na nane. Katika lugha za Kibantu nane ya zamani ni nne iliyotamkwa mara mbili. Wakikuyu wana inya na inyanya, Waganda wana nnya na munaana, na hapa kwetu Waluhya ni ne na munane. Waswahili walipochukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, wakaacha tandatu, fungate na kenda, nane haikuguswa. Sijui niseme nini kuhusu hilo zaidi ya kwamba ninalipenda.

Kuna jambo jingine la vipimo vya pwani ambalo programa yeyote atalielewa. Kibaba kilikuwa na namna mbili za kupimwa. Kuna kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu juu, na kuna kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Sokoni leo ni yale yale, mama anakupimia gorogoro kisha anakuongezea kiganja juu ili urudi kesho, na mwingine ana gorogoro iliyobonyezwa chini ambayo haijawahi kubeba kilo mbili tangu ibonyezwe. Tele ni ukarimu, lakini huwezi kuifanyia hesabu. Kichuguu cha leo si cha kesho. Ukijumlisha vibaba vya tele 15 hujui una kiasi gani. Mfuto ndio unaohesabika.

Kompyuta inafanya mfuto. Ndani yake hakuna 0 na 1, kuna umeme, na umeme unapanda na kushuka kama kichuguu cha mtama. Katika saketi za TTL, zilizoenea kuanzia miaka ya 1960, umeme unaoingia chini ya volti 0.8 unahesabiwa sifuri, na ulio juu ya volti 2 unahesabiwa moja. Katikati hapo hapana ruhusa. Ukifika 3.1 au 4.4 ni moja tu, kile cha ziada kinafutwa. Laiti tungetaka waya mmoja ubebe tarakimu kumi, tungehitaji mistari tisa ya kufutia ndani ya volti zile zile tano, na kelele kidogo ingegeuza 6 kuwa 7. Kwa mbili tunahitaji mstari mmoja. Ndiyo sababu ya mashine kupenda mbili, na haiko mbali na sababu ya mwenye pishi.

Sasa utaniambia, lakini Leibniz ndiye aliyevumbua binari, vitabu vyote vinasema. Ni kweli Gottfried Leibniz aliichapisha Paris mwaka 1703, na tangu 1679 alikuwa ameandika kuhusu mashine ambayo ingeijumlisha kwa gololi zinazopita kwenye matundu yaliyofunguliwa au kufungwa. Ni wazo la ajabu kwa wakati ule. Ila kabla yake kuna Mwingereza aitwaye Thomas Harriot, aliyefariki mwaka 1621 bila kuchapisha kazi zake za hesabu, na katika karatasi zake kuna namba za binari zimeandikwa kwa mkono. Alizipata wapi? Mwanahistoria Lloyd Strickland ameeleza kwamba Harriot alifika huko alipokuwa akipima uzito wa vitu kwa mizani, akitumia mawe ya wakia yaliyogawanywa nusu, robo, thumni, na kuendelea. Akawa anaandika jiwe lipi liko juu ya mizani na lipi halipo. Yaani alisimama pale pale aliposimama muuzaji wa Mumias na vyombo vyake. Tofauti ni kwamba yeye aliliona jambo lenyewe, akaliandika kama namba.

Wengine hupenda kutaja ramli pia. Anayepiga ramli hutengeneza maumbo ya mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, na maumbo yote ni 16, mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Inavutia, na ni kweli kwamba zipo alama mbili tu. Lakini katika ramli mstari wa juu haubebi mara mbili ya mstari ulio chini yake. Ni picha, si kiasi. Kwa anayejifunza kugeuza namba, tofauti hii ni muhimu: alama mbili peke yake hazifanyi namba. Kinachofanya 1011 iwe kumi na moja ni kwamba kila nafasi ina uzito wake, na mwenye kibaba alikuwa na uzito huo mkononi.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo jambo lenyewe liliponigharimu.

Kampuni ile iliyomtuma Jackson ilitoa sarafu zake kati ya 1888 na 1890, zenye jina la Mombasa. Zilifuata mfumo wa India: rupia 1 ni ana 16, na ana 1 ni pesa 4. Kwa hiyo rupia ni pesa 64. Sarafu zenyewe zilikuwa pesa moja ya shaba, na za fedha: ana mbili, robo rupia, nusu rupia na rupia nzima. Zibadilishe zote ziwe pesa:

rupia 64, nusu 32, robo 16, ana mbili 8, pesa 1

Zimekosekana ya 4 na ya 2 tu, hizo ungezijaza kwa pesa moja moja. Mfuko wa mfanyabiashara wa Mombasa mwaka 1890 ulikuwa rejista ya biti saba yenye mapengo mawili. Akiwa na rupia moja, robo moja na ana mbili, ni 1011000, yaani 64 + 16 + 8, pesa 88. (Huku Mumias wakati huo shanga, nguo na waya ndivyo vilivyonunua vitu, tusijidanganye. Rupia zilikuja kujulikana baadaye, na kodi ya nyumba ilisaidia sana kuzitambulisha.) Thumuni, ambayo wazee bado wanaiita sumuni wakimaanisha senti 50, nayo ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane. Nusu, robo, thumuni. Ni kushuka ngazi tu.

Kisha serikali ikabadilisha. Rupia ikagawanywa senti 100 badala ya pesa 64, na sarafu za mwanzo za senti zina mwaka 1906. Mwaka 1921 ikaja shilingi, nayo ya senti 100. Kumi ikashinda mbili, angalau dukani.

Jaribu kubadilishana. Pesa 1 ni senti ngapi? 100 gawa kwa 64, ni 1.5625 kamili. Sarafu ya kukupa hiyo haipo, lakini hesabu inaisha. Sasa geuza upande. Senti 10 ni pesa ngapi? Ni 6.4. Haiwezekani, kwa hiyo tukate pesa nusu kwa nusu tupate vipande vidogo zaidi, labda itatoka sawa:

nusu pesa: 12.8
robo pesa: 25.6
thumni ya pesa: 51.2
nusu yake: 102.4

Umeona? Tumerudi kwenye .4. Itaendelea .8, .6, .2, .4 milele. Sehemu ya kumi ya rupia haipatikani kwa kukata nusu nusu, hata ukikata hadi vumbi. Sababu ni kwamba 10 ni 2 mara 5, kwa hiyo kila kilichokatwa kwa mbili kinaandikika kwa kumi, lakini ndani ya 2 hakuna 5, na sehemu ya kumi inaidai hiyo 5. Kutoka binari kwenda desimali unafika daima. Kutoka desimali kwenda binari, kwa namba zenye nukta, mara nyingi hufiki.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kutunza hesabu za chama kimoja cha akina mama hapa mjini. Nikaona uvivu kuandika sifuri nyingi, nikahifadhi fedha kwa maelfu: mkopo wa shilingi 1,000 ukawa 1.0, na malipo ya shilingi 100 yakawa 0.1. Mama mmoja alikopa elfu moja, akalipa mia mara kumi bila kuchelewa hata wiki moja. Alipoomba mkopo wa pili, programu ikakataa: bado anadaiwa. Skrini ilionyesha salio 0.00, na chini yake neno "anadaiwa". Wenzake wakaanza kunong'ona. Yeye alikuwa na risiti zote kumi kwenye kitambaa.

Kosa lilikuwa langu, na unaweza kulirudia mwenyewe kwenye Python sasa hivi. Anza na 1.0, ondoa 0.1 mara kumi. Hupati sifuri. Unapata kitu chenye sifuri 15 baada ya nukta kisha 138 na mengineyo. Kompyuta haiwezi kushika 0.1 kamili, kama vile rupia ya pesa 64 isivyoweza kutoa senti kumi kamili. Inashika kitu cha karibu, na programu yangu ikauliza kama salio ni kubwa kuliko sifuri. Ndiyo, lilikuwa kubwa kuliko sifuri. Kwa ukubwa usiofikia hata punje. Nilimwomba msamaha mbele ya kikao, na usiku ule nikabadilisha kila kitu kiwe senti nzima, bila nukta popote. Karani wa zamani wa rupia hakuandika "0.0625 rupia", aliandika ana moja. Alihesabu vipande vizima.

Kwa hiyo kugeuza huku si zoezi la kuchezea. Kompyuta inafanya kazi hiyo kila unapobonyeza tarakimu. Kulikuwa na wakati watu walijaribu kuikwepa. ENIAC, ile mashine kubwa ya Marekani iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 1946, ilihesabu kwa kumi. Konrad Zuse alikuwa ameshatengeneza Z3 huko Berlin mwaka 1941, ndani ikitumia binari, na ukiingiza namba ya desimali inaigeuza yenyewe, na jibu inalirudisha kwa desimali. Mwaka huo huo wa 1946 Burks, Goldstine na von Neumann waliandika ripoti wakipendekeza mashine mpya zitumie binari. Walijua watu hawataacha vidole vyao kumi. Hoja yao ilikuwa kwamba kugeuza kunafanyika mlangoni tu, namba inapoingia na inapotoka, na katikati mashine inafanya mamilioni ya hesabu kwa njia iliyo rahisi kwake. Gharama ya mlangoni inalipika. Neno "biti" lenyewe lilichapishwa miaka miwili baadaye, 1948, katika makala ya Claude Shannon, naye akasema amelipata kwa John Tukey.

Na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilichukua jina la sarafu ya shaba iliyokuwa moja ya 64 ya rupia, ikalitia ndani ya mashine zinazohesabu kwa mbili. Sidhani kama waliokaa kuchagua jina waliwaza hayo. Mimi huwaza kila ninapotuma.

Zoezi la wiki hii, hasa kwa yule binti aliyefunga daftari. Huhitaji kompyuta, unahitaji sarafu nne za Kenya: shilingi 5, 10, 20, na ile ya 40 iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Hiyo ya mwisho imekuwa adimu, muulize mzee yeyote anayeweka akiba kwenye mkebe. 5, 10, 20, 40, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Zipange mezani, ya 40 kushoto na ya 5 kulia. Sarafu ikiwepo ni 1, ukiiondoa ni 0.

Sasa panga 1011. Ya 40 ipo, ya 20 haipo, ya 10 ipo, ya 5 ipo. Ni shilingi 55, yaani tano kumi na moja. Halafu panga 0110, panga 1110, na uniambie nauli ya shilingi 65 inaandikwaje.